Kulala ufukweni bila hema: jibu kwa kijana wa Ngamiani

Swali: "Shikamoo. Sisi ni vijana wanne wa Ngamiani, Tanga. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja tulikwenda Pangani, tukavuka, tukalala ufukweni Ushongo siku mbili. Tulikuwa na hema moja la dukani. Tulifika saa mbili usiku, mwezi unawaka kama taa, tukalisimamisha kwenye mchanga mkavu. Saa kumi alfajiri tukaamka tumo ndani ya maji. Usiku wa pili mvua ikanyesha, upepo ukang'oa vigingi vyote. Maji ya kunywa yaliisha siku ya kwanza, wali ulijaa mchanga, na mmoja wetu alirudi anaendesha. Mtaani bado wanatucheka. Tunataka kurudi. Tununue hema gani, na tubebe nini?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na hema, kwa kuwa ndilo mnalotaka kulitolea pesa: msinunue. Hema la bei ya vijana, lile la vijiti vya faiba na kitambaa kimoja kisicho na paa la juu, halikutengenezwa kwa upepo wa kusi wala mvua ya vuli. Mkilifunga linatoa jasho ndani mpaka mnadhani linavuja. Mkilifungua mbu wanaingia. Mchana halikaliki. Wavuvi wanaopiga dago, yaani kambi ya uvuvi, wiki nzima, na zaidi, hawana hema hata moja. Wana turubai au tanga kuukuu, chandarua, mkeka na madumu ya maji, na wanalala wakavu. Pesa ya hema nunueni turubai moja zito na vyandarua viwili, itakayobaki mle samaki.

Lakini turubai nalo lingeloa vilevile pale mlipolala, maana kosa la usiku wa kwanza halikuwa la hema. Mlikosea uwanja na mlikosea saa.

Mwezi mpevu maana yake bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida. Katika pwani hii yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi jioni na tena karibu saa kumi alfajiri, na hupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Ninyi mlifika saa mbili usiku, maji yanakwenda zake. Mpaka mmemaliza kupika na kula, bahari iko mbali, mchanga wa juu umepigwa na upepo umekauka, mkadhani hapo ni nchi kavu. Tofauti ya kimo kati ya kupwa na kujaa siku za bamvua hupita mita tatu, na kwenye ufuko uliolala, mita tatu za kimo ni makumi ya mita za mwendo. Saa kumi alfajiri maji hayakuwavamia, yalirudi kwao.

Kujua saa za maji hakuhitaji kifaa chochote. Kalenda ya mwezi wa Kiislamu iliyo ukutani nyumbani inatosha kukadiria. Bamvua huangukia karibu na tarehe 1 na 15, na maji makubwa kabisa huja siku moja au mbili baadaye. Maji mafu, yale yasiyopanda wala kupwa sana, huangukia karibu na tarehe 8 na 22. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Basi ukianza na saa kumi tarehe 1 au 15, tarehe 4 au 18 yatajaa kama saa kumi na mbili na nusu, na tarehe 8 au 22 yatakuwa yamesogea mpaka karibu saa nne. Hesabu hii inaweza kukosea nusu saa, hata saa nzima. Kwa kuchagua siku ya safari inafaa sana; kwa kuvuka mdomo wa kijito haifai, hapo tumieni jedwali la maji la bandari au muulizeni mvuvi aliyepo.

Sasa chagueni usiku ambao maji yanajaa kabla hamjalala. Tarehe 8 hadi 10 za mwezi ni nzuri: maji ni mafu, hayapandi sana, na yanajaa kati ya saa nne na saa sita usiku, mkiwa bado mnapiga soga. Mtayaona yalipofika kwa macho yenu, kisha mlale. Bamvua za Machi na Septemba ndizo kubwa kuliko zote za mwaka. Miezi hiyo msiicheze karibu na siku za mwezi mpevu au mwandamo.

Fikeni saa tisa alasiri, kumi kwa kuchelewa sana. Giza likiingia mnachagua uwanja kwa bahati. Tembeeni kutoka majini kwenda juu mkitazama chini. Mtakuta mistari ya mwani, vifuu na vijiti: wa chini umelowa, huo ni wa maji ya leo, juu yake kuna mwingine mkavu, na juu kabisa kuna mmoja wa zamani, mwani umekuwa mweusi unavunjika mkononi. Huo wa juu ndio mpaka wa bahari, si ule wa leo, kwa sababu maji ya jioni na ya alfajiri hayalingani sawasawa na maji ya kesho si ya leo. Pandeni tena mpaka mahali nyasi na mimea inayotambaa imeshika mizizi, kisha ongezeni hatua kumi.

Hapo juu nako kuna mitego. Wa kwanza ni mnazi. Kivuli chake kinaita, lakini usiku wa upepo nazi na kuti kavu havipigi hodi. Kaeni nje kabisa ya kivuli cha kichwa chake, ongeza mita kadhaa kwa upande upepo unakoelekea. Mvinje ni bora: kivuli chepesi, shina la kufungia kamba, na majani yake makavu ni godoro, angalieni tu matawi yaliyokufa. Wa pili ni mfereji mkavu. Penye bonde dogo la mchanga linaloshuka baharini, mvua ikinyesha bara kidogo tu hapo ndipo maji yanapopita. Wa tatu ni ukingo wa mikoko. Watu hupapenda kwa kuwa pamekingwa na upepo, na hiyo ndiyo sababu ya kupakimbia: usubi hauwezi kuruka kwenye upepo, hujikusanya penye utulivu, na wale wadogo hupenya matundu ya chandarua. Uwanja wazi unaopigwa na upepo wa wastani ni dawa kuliko mafuta yoyote ya kujipaka. Wa nne ni mahali mbuzi wanapolala. Mtaondoka na funza vidoleni.

Kabla ya kufunga kamba, mmoja wenu aende kwa mwenyekiti wa kitongoji, aseme majina, mnakotoka, mnalala siku ngapi, na vitambulisho viwe mfukoni. Penye wavuvi muulizeni kiongozi wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi na ufuko. Sio adabu tu. Yeye ndiye anayejua kisima kipi ni cha kunywa, na wezi wa ufukweni hawaendi kwa wageni waliopokelewa. Na kama mtashawishika kwenda kulala kisiwani Maziwe, acheni: miti ilishatoweka zamani, kilichobaki ni fungu la mchanga ambalo bamvua hulifunika, juu ya kuwa ni hifadhi. Kusini zaidi, Saadani, ni hifadhi ya taifa yenye simba na tembo wanaoshuka mpaka ufukweni. Huko hakulalwi ila kwenye kambi za hifadhi, kwa kibali.

Turubai sasa. Kwa watu wanne chukueni la mita 4 kwa 5. Kila mtu anahitaji sentimita 70 za upana, wanne ni karibu mita tatu, inayobaki ni ya mizigo na ya mvua inayopigwa pembeni. Kamba mita 30. Mjini Tanga mtauziwa ya katani na ya nailoni, na hazifanani tabia. Katani ikilowa hufupika na kukaza. Mkiiacha imekazwa barabara, mvua ya usiku itang'oa vigingi au kupasua turubai lenyewe. Ilegezeni kidogo mawingu yakianza kufunga. Nailoni ikilowa hulegea, kwa hiyo hiyo mnaikaza mvua ikishaanza. Mie ningetumia katani kwa uti wa paa na nailoni kwa pembe.

Fungeni kamba ya uti kati ya mivinje miwili, kimo cha kifua, kama mita 1.3. Juu zaidi ya hapo mvua ya pembeni inaingia. Kama hakuna miti, nunueni Pangani nguzo mbili za mwanzi za mita moja na nusu; msikate mikoko, kuikata bila kibali ni kosa. Turubai lipitisheni juu ya kamba hivi kwamba theluthi mbili ziwe upande upepo unakotoka, na upande huo ushuke mpaka chini kabisa. Upande wa pili uinueni uwe baraza. Juni hadi Septemba upepo ni kusi, mgongo wa paa uelekee kusini-mashariki. Desemba hadi Februari ni kaskazi, geuzeni kaskazini-mashariki. Katika vuli dhoruba hutoka popote wingu lilipo, basi acheni kamba mbili za akiba mkononi.

Pete za pembeni za turubai zisibebe mzigo. Ndizo za kwanza kung'oka, kwa kuwa upepo wote unavutia nukta moja. Chukueni kokoto laini ya ukubwa wa limau, iwekeni upande wa ndani wa turubai kiganja kimoja kutoka pembeni, ifungieni humo kwa kuzungusha kamba mara mbili nyuma yake na kukaza fundo. Mzigo unatawanyika kwenye kitambaa, na fundo halina pa kuteleza. Fanyeni hivyo pembe zote nne na katikati ya kila upande mrefu. Jumla sita.

Vigingi ndivyo vilivyowaangusha usiku wa pili. Kigingi cha waya kinashika udongo, mchanga hakiushiki hata ukipigilia mpaka kichwani. Badala yake bebeni viroba sita vidogo vitupu, vya unga wa kilo tano au kumi. Jazeni mchanga nusu, fungeni shingo, funga kamba ya turubai shingoni, chimbeni shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko, lazeni kiroba ubavu, fukieni na kukanyaga. Kamba itoke mchangani kwa mshazari kuelekea turubai, isitoke wima. Vuteni kwa uzito wa mwili. Kikisogea, kizamisheni zaidi. Mkikosa viroba, kijiti cha urefu wa mkono kilichofukiwa mlalo, kamba imefungwa katikati yake, kinashika karibu sawa.

Kisha mambo mawili madogo ambayo ndiyo mwisho wa "linavuja." Mvua hutambaa juu ya kamba ya uti na kuingia ndani mpaka iwadondokee usoni. Fungeni kipande cha uzi kwenye kamba, nje ya turubai kidogo, kining'inie. Maji yatashuka hapo. La pili ni turubai la chini au nailoni mnayotandika: iwe ndogo kuliko paa kila upande. Ikichungulia nje hata kiganja kimoja, inakinga mvua ya paa na kuileta chini ya mikeka yenu. Kuchimba mtaro kuzunguka uwanja kwenye mchanga ni kazi bure, maji yanazama yenyewe. Kwenye udongo wa mfinyanzi mtaro wa kina cha kidole upande wa juu unasaidia.

Vyandarua viwe vya mstatili, vyenye dawa, kimoja watu wawili. Pembe nne zifungwe kwenye kamba ya uti na vijiti, wavu usigusane na ngozi, maana mbu huuma kupitia wavu. Ncha zote ziingie chini ya mkeka kabla ya magharibi, sio baada ya chakula. Chini ya mkeka mwageni majani makavu ya mvinje unene wa kiganja. Mchanga wa jioni una joto la kudanganya. Ikifika saa tisa usiku unanyonya joto mwilini, na miezi ya kusi shuka moja haitoshi.

Maji ya kunywa nayaandikia zaidi kwa kuwa ndiyo yaliyowaumiza. Hesabu ya pwani ni lita tano kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika, bila kuoga. Wanne kwa siku mbili ni lita 40: madumu mawili ya lita 20. Mlibeba chupa ngapi? Bodaboda kutoka Bweni, mkishavuka mto Pangani, anabeba dumu bila tabu. Lisiwe dumu lililowahi kuwa na mafuta ya taa au ya kula. Funua, nusa, ukipata harufu yoyote liache. Dumu moja lifungwe na lisiguswe mpaka siku ya pili, na mkiona la kwanza limeisha kabla ya jua kuchwa, siku hiyohiyo nendeni kijijini.

Maji ya visima vya karibu na bahari mengi yana chumvi, na chumvi haitoki kwa kuchemsha wala kwa dawa. Onjeni tone kabla ya kujaza. Yakiwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, chujeni kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, kisha chemsheni mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja, au tieni kidonge cha klorini. Vile vya miligramu 67 kimoja ni cha lita 20, dumu moja sawasawa. Maji yakiwa na ukungu tieni viwili. Tikiseni, subirini dakika 30. Wengi hunywa baada ya dakika tano kwa kiu, na hapo dawa haijafanya kazi.

Ila maji safi huchafuliwa mara nyingi na kopo. Watu wanne wanachota kwa kopo moja, vidole ndani, mmoja ametoka chooni. Maji yamiminwe kutoka kwenye dumu, yasichotwe. Kopo la chooni liwe la rangi nyingine na likae mbali na jiko, na sabuni ifungwe kwenye soksi ining'inie hapo njiani kurudi. Shimo la choo lichimbwe juu ya mpaka wa bahari, hatua mia kutoka kisimani na kambini, kina cha shubiri moja, na kila mmoja afukie. Mtu akianza kuendesha: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Anywe kidogo kidogo mfululizo. Akiona damu, au akitapika kila anachokunywa, arudi Pangani hospitali usiku huohuo. Kwenye madimbwi na vijito vya maji baridi msioge. Kichocho kipo pwani. Ogeni baharini, mjisuuze kwa kopo.

Mchanga kwenye wali una mlango mmoja: watu wanapita upande wa jiko upepo unakotoka. Jiko liwekwe chini ya upepo kutoka kambini, kwenye nyasi, hatua kumi na zaidi, kwa sababu cheche zinatoboa turubai. Tandikeni kiroba kilichopasuliwa pembeni mwa mafiga ili kiwe meza ya mfuniko, mwiko na visu. Anayepika hapishani na mtu. Mchele uchaguliwe na kupepetwa nyumbani. Mafiga yawe mawe makavu ya bara. Jiwe la matumbawe lililotoka majini lina maji ndani ya matundu yake, likipata moto hupasuka na kurusha vipande.

Kuni za ufukweni zipo bure. Makumbi yaliyochambuliwa na karara kavu ni za kuwashia, vifuu ni za kupikia kwa kuwa vina moto mkali usio na moshi mwingi, na kigogo cha mvinje ni cha kukaa na kuota. Makumbi mabichi kidogo yakiwekwa upande wa upepo jioni hutoa moshi unaopunguza mbu. Mkimaliza msifukie makaa kwa mchanga. Mchanga hauzimi, unaficha. Saa tatu baadaye mtu anatembea peku anaungua mguu. Mwagieni ndoo ya maji ya bahari, koroga, mwagia tena.

Chumvi ya kupikia mnaweza kuiacha nyumbani, bebeni ile kidogo tu ya kumchanganyia anayeendesha: kwa wali, kikombe kimoja cha maji ya bahari kwa vikombe sita vya maji baridi, yachotwe mbele penye maji safi, mbali na mdomo wa mto. Kwa wanne, nusu kilo ya mchele ni mlo mmoja. Lakini wali wa kila mlo ni mzigo wa maji na kuni. Jioni moja pikeni bada, unga wa muhogo: maji yakichemka, dakika kumi mmekula, kilo moja inawatosha. Kitoweo kinunuliwe kwa wavuvi asubuhi wakipanda, changu au tasi wa siku hiyo, na ng'onda, samaki wakavu, wawili wawepo kwenye mzigo kama bahari ikichafuka. Maharage yanakula kuni. Chukueni choroko, zilowekwe asubuhi kwenye chupa ya mdomo mpana, jioni ni nusu saa. Asubuhi ni chai, tende na visheti, vinavyokaa wiki bila kuharibika. Mayai yabebwe yamezikwa ndani ya unga. Wali uliobaki mchana usiliwe jioni. Kwenye joto hili umeshaharibika hata kama haunuki, na pengine ndio uliomwendesha mwenzenu. Samaki msiyemjua msimle, na bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha, msimguse hata akiwa mnono.

Chakula, viberiti, simu na nguo kavu vikae kwenye ndoo mbili mpya za lita 20 zenye mifuniko ya kukaza, sio ndoo za rangi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na hata ilipokuwepo haikuzuia mvua. Ndoo inazuia mvua, panya na kaa, mchana ni kiti, na ikiisha chakula ni ya kuogea.

Majini tembeeni kwa kuburuta miguu, msiinue nyayo, samaki taa aliyejifukia atatoka mwenyewe. Akishachoma, tumbukizeni mguu kwenye maji ya moto kadiri mtu mzima asiyeumia anavyoweza kuvumilia kwa mkono wake, nusu saa mpaka saa moja na nusu, mkiongeza yakipoa, maumivu yanashuka. Kisha hospitali, kwani kipande cha mwiba hubaki ndani. Usiku vaeni viatu na washeni tochi hata kwa hatua tano. Nyoka kifutu hakimbii, analala njiani. Aliyeumwa na nyoka hachanjwi, hafyonzwi, hafungwi kamba ya kukaza. Kiungo kifungwe ubao kisitikisike, na abebwe. Nyoka swila akitema machoni, suuzeni kwa maji mengi dakika 15 na zaidi, bila kufikicha, kisha hospitali naye.

Siku zenu ziwe mwisho wa Agosti au Septemba, tarehe 8 hadi 10 za mwezi: kusi imepungua, vuli haijaanza. Wiki moja kabla, fungeni turubai uani hapo Ngamiani, viroba, kokoto, uzi wa kudondosha, kila kitu. Wawili walale chini yake, wawili wapande kwenye viti na kumwaga ndoo sita za maji kutoka upande wa upepo. Atakayeloa aseme maji yameingilia wapi.